Kumbukumbu za waandishi wa Uskoti pale Edinburgh: pa kuanzia, na weusi wa mnara wa Scott

Mkuu, umeuliza mawili: ukiwa na siku moja Edinburgh uone kumbukumbu zipi za waandishi na wanafikra wa Uskoti, na kama mnara wa Walter Scott, mwandishi wa riwaya, umeachwa mweusi kwa uzembe. Nianze na la pili, maana wengi hulikosea.

Si uzembe. Mnara ule wa mita 61, uliozinduliwa 1846, ni wa jiwe la mchanga kutoka machimbo ya Binny, magharibi ya mji. Jiwe hilo lina mafutamafuta, na mafuta hunasa masizi. Ongeza moshi wa makaa wa miaka mingi na treni za mvuke za stesheni ya Waverley iliyo jirani. Miaka ya 1990 usafishaji ulijaribiwa, ikaonekana jiwe litaumia. Ukilipiga mchanga kwa presha unabandua ngozi yake ya nje na kufuta nakshi. Ukitumia dawa, chumvi hubaki ndani, hugeuka chembe ngumu na kulimenya jiwe taratibu. Wakaamua kukarabati tu, na machimbo ya Binny yakafunguliwa tena ili jiwe lifanane. Vile viraka vyenye rangi ya mchanga ni mawe mapya. Scott mwenyewe, aliyeketi chini na mbwa wake Maida, amechongwa na John Steell kwa marumaru ya Carrara, ndiyo maana anang'aa katikati ya weusi ule. Ngazi ni 287, na kadiri unavyopanda ndivyo zinavyobana, kwa hiyo usibebe begi kubwa.

Sasa mzunguko. Anzia upande wa chini wa Royal Mile, barabara kuu ya mji mkongwe, kwenye makaburi ya kanisa la Canongate. Adam Smith, mwanauchumi, yuko kushoto ukiingia, lakini usiondoke bila kulitafuta kaburi la Robert Fergusson, mshairi aliyefariki 1774 akiwa na miaka 24 tu. Hakuwa na jiwe mpaka mshairi mwenzake Robert Burns alipoomba ruhusa mwaka 1787 na kuagiza moja kwa pesa yake. Fundi alichukua miaka miwili kulisimamisha, na Burns akachukua miaka mingine miwili kumlipa! Soma tarehe kwa makini: jiwe linasema alizaliwa 1751, kumbe ni 1750. Kwangu hii ndiyo kumbukumbu bora kuliko zote mjini, maana ni mshairi aliyemlilia mshairi mwenzake.

Panda Royal Mile. Karibu na kanisa la St Giles kuna sanamu ya Smith (2008), na nyuma yake jembe la kukokotwa na mzinga wa nyuki, zunguka uvione. Ndani ya St Giles mtazame mwandishi wa riwaya Robert Louis Stevenson kwenye kibao cha shaba cha mchongaji Saint-Gaudens. Katika toleo la awali alishika sigara. Cha kanisani kina kalamu.

Mbele kidogo ni sanamu ya mwanafalsafa David Hume, amevishwa joho la kale. Kidole chake cha mguu kinang'aa kwa sababu watu hukisugua kutafuta bahati, na kila mkono unaondoa utando unaokinga shaba. Tafadhali usikiguse, hasa kwa kuwa huyu alitumia maisha yake kupinga ushirikina. Ujue pia kwamba aliandika tanbihi ya kudharau watu weusi; kwa ajili hiyo chuo kikuu cha mji huo kiliondoa jina lake kwenye jengo lake refu mwaka 2020.

Ingia kichochoro cha Lady Stair's Close, kwenye Makars' Court, yaani ua wa washairi. Pale maneno ya waandishi yamechongwa kwenye mawe ya sakafu. Saa sita mchana jua likiwa juu herufi hupotea; nenda asubuhi au alasiri, au washa tochi ya simu uilaze ubavuni mwa maandishi.

Shuka Princes Street kwa Scott, kisha elekea Waterloo Place, makaburi ya Old Calton. Hapo Hume amelala ndani ya mnara wa duara uliobuniwa na msanifu majengo Robert Adam. Aliagiza jina lake na miaka tu, mengine wayaongeze watakaokuja. Jirani yake kuna sanamu ya Abraham Lincoln, rais wa Marekani (1893), na chini yake mtu mweusi aliyekombolewa utumwani.

Ukibaki na nguvu, panda Calton Hill hadi mnara wa mwanafalsafa Dugald Stewart (1831). Simama nyuma yake uangalie magharibi: mnara wa Scott utautambua kwa weusi wake.