Mikono na Mgongo wa Mpiga Kidumbak

Asubuhi moja, baada ya kupiga kidumbak, ngoma ndogo ya viganja, harusini siku mbili mfululizo huko Makunduchi, Zanzibar, nilishindwa kufungua kizibo cha chupa ya chai. Kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilikuwa vimekufa ganzi, na kiuno kilikuwa kimekaza hata ikanilazimu kushika ukuta ili niinuke mkekani. Wakati huo nilikuwa na miaka 11 ya kupiga ngoma, na siku zote nilichukulia kuwa maumivu ni sehemu ya kazi, kama zilivyo sugu za viganjani. Niliyojifunza katika miezi minne niliyokaa bila ya kugusa ngoma ndiyo ninayotaka kuwaeleza wenzangu, hasa vijana wanaoanza.

Mtaalamu wa viungo aliyenitibu alinieleza kwamba ndani ya kifundo cha mkono mna njia nyembamba inayopitisha mshipa wa fahamu pamoja na kano 9 za kukunjia vidole. Kifundo kikikaa kimepinda kwa muda mrefu huku mkono ukitia nguvu, kano huvimba na kuubana mshipa huo, na ganzi hushika gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kisha akaniomba nikae vile ninavyokaa ninapopiga. Nikaketi kwenye kigoda kifupi, magoti yakiwa juu kuliko kiuno, mgongo umepinda, mabega yamepanda karibu na masikio. Na ili viganja viifikie ngozi, ikabidi nivivunje kwenye vifundo. Hakunieleza zaidi, kwani niliona mwenyewe kwamba mkono wangu ulikuwa ukilipa deni la kigoda.

Tangu siku hiyo ninakwenda na kiti changu, ambacho urefu wake unaniruhusu kuweka nyonga juu kidogo ya magoti na nyayo zote mbili chini. Ninakaa nusu ya mbele ya kiti, bila ya kuegemea, na ninaziinua ngoma zinifuate badala ya mimi kuziinamia. Ukitaka kujua kama umekaa sawa, weka viganja juu ya ngozi na ufumbe macho: mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni uwe umenyooka, na mabega yawe yameshuka yenyewe.

Hata hivyo, kiti kizuri hakitakusaidia ikiwa ngozi imelegea, na hapa ndipo ninapoona wengi wakijiumiza bila ya kujua. Kidumbak ni ngoma ya udongo, na hewa yetu ya pwani, hasa wakati wa masika, huilegeza ngozi yake hata katikati ya wimbo. Ngoma iliyolegea hailii, na mpigaji asiyejisikia mbele ya fidla na spika huongeza nguvu. Mkono unapiga, ngozi haiurudishi, na pigo zima linaishia kwenye viungo vya vidole. Kwa hiyo washa moto mdogo wa makumbi kabla ya shughuli, uizungushe ngoma kwa mbali huku ukiigonga kwa ncha ya kidole, mpaka ule mlio mzito upande na kuwa mkavu. Ikilegea tena, irejeshe motoni. Bibi harusi atasubiri dakika tano.

Katika kupiga, usiubandike mkono kwenye ngozi. Uache uruke mara tu unapogusa. Pete zivuliwe, na kiungo cha chini cha kidole kisigonge ukingo wa udongo, kwa sababu ukingo huo haubonyei hata kidogo.

Kwa wanaopiga ngoma kubwa ya beni, muziki wa matarumbeta wa kutembea mitaani, fimbo ina adabu yake. Mwalimu wangu alikuwa akipita nyuma yangu na kuichomoa fimbo mkononi nikiwa katikati ya pigo. Ikitoka kwa urahisi, alinyamaza, ikikwama, alisema, "Mwanangu, unainyonga." Ishike baina ya gumba na kidole cha shahada, vidole vilivyobaki viizunguke bila ya kuibana. Mkanda nao usining'inie bega moja, kwani kutembea mitaa mizima na uzito wa upande mmoja huupindisha uti wa mgongo. Tafuta mkanda wa mabega mawili. Wazee wa unyago walilijua hili zamani. Msondo, ngoma ambayo marehemu Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na unyago wa Zanzibar, aliipiga hadi uzeeni, hufungwa kiunoni kwa kanga na kushikwa baina ya miguu, hivyo uzito wake ukabebwa na nyonga.

Ninawasihi pia msimeze vidonge vya maumivu ili mmalize shughuli. Vidonge vinanyamazisha onyo, havitibu kano. Pumzikeni baina ya nyimbo, mpokezane ngoma, na mpashe moto mikono yenu kama mnavyoipasha ngozi.

Ukiamka usiku kwa ganzi na kulazimika kukung'uta mkono ili ulale tena, acha kupiga na uende hospitali wiki hiyo hiyo. Mimi nilipuuza dalili hiyo kwa miezi mitatu, na mpaka leo ncha ya kidole changu cha kati haihisi sawasawa joto la kikombe cha chai.