Kulea Watoto Ukiwa Kwenye Kemo

Daktari alipomaliza kunieleza kuhusu uvimbe wa saratani kwenye titi langu, kwamba ningeanza na kemo, yaani dawa kali za kuua chembe za saratani, kisha upasuaji, kisha mionzi, aliniuliza kama nina swali. Nikamuuliza kama nitaruhusiwa kumbeba mwanangu. Nadhani alitarajia swali la kuishi na kufa. Nilikuwa nalo hilo pia, lakini mtoto wa miaka mitatu akitaka kubebwa hangoji lijibiwe kwanza. Dada yake alikuwa na miaka tisa, na yeye alihitaji mengine kabisa. Ninayoandika hapa ni kwa mama ambaye matibabu ndiyo kwanza yanaanza na bado ana watoto wa kulea.

Nianze na lililo gumu: waambie. Na utaje ugonjwa kwa jina lake. Ukisema tu "mama anaumwa", siku bibi akishikwa na mafua mtoto ataanza kujiuliza kama naye atapelekwa hospitali arudi hana nywele. Ukisema "saratani", mafua yanabaki kuwa mafua. Wapo wanaosema watoto wadogo hawaelewi. Ugonjwa kweli hawauelewi, ila wanaelewa upesi sana kwamba wakubwa wananong'ona na kunyamaza wao wanapoingia. Kisha wanatafuta sababu wenyewe. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hivi huamini kwa dhati kwamba hasira zake na utundu wake vinaweza kusababisha mambo. Aligoma kula, alimnunia mama, mama akaugua: kwake hesabu imekamilika. Kwa hiyo hata asipouliza, mwambie mambo matatu: si wewe uliyesababisha, ugonjwa huu hauambukizi, na siku ambazo mimi siwezi, fulani ndiye atakayekuangalia. Hilo la tatu ndilo wanalolisikiliza zaidi. Usidhani hawakujali. Ndivyo walivyo watoto.

Wa miaka tisa aliuliza swali lenyewe: "Mama, utakufa?" Jibu nilikuwa nimeliandaa, maana sikutaka kulitafuta mbele yake. "Wapo wanaokufa kwa saratani, na wapo wengi wanaopona. Mimi madaktari wananitibu ili nipone. Wakiniambia jambo jipya, nitakwambia." Sikumwahidi kwamba sitakufa. Ahadi hiyo haikuwa yangu kuitoa, na nilitaka aendelee kuniamini kwa mengine. Maneno hayohayo nikawapa baba yao, mama yao mdogo na mwalimu wa darasa, ili mtoto akiuliza huku na kule akutane na jibu moja. Kama wewe umeshaambiwa ugonjwa wako hauponi, maneno yatakuwa mengine, na kuyapanga usikae peke yako. Mwombe nesi au mshauri wa hospitali akae nawe muyatafute pamoja. Lakini hata hapo, watoto waambiwe.

Kuna kauli moja niliyoipiga marufuku nyumbani: "Usimsumbue mama, utamzidishia ugonjwa." Wageni huisema kwa upendo mtupu. Anayeisikia ni yuleyule mtoto aliyekwisha kujishuku.

Nywele nazo zizungumzwe mapema. Dawa za kemo hushambulia chembe zinazogawanyika haraka. Za saratani ziko hivyo, na za mashina ya nywele pia, ndiyo maana nywele hudondoka, mara nyingi wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza. Si dawa zote hufanya hivyo, kwa hiyo uliza kuhusu zako. Mwanangu mdogo, baada ya maelezo yangu yote marefu, aliuliza kama na meno yatadondoka. Nikamwambia hapana, akarudi kwenye mchezo wake. Kilichomtisha baadaye ni nyusi. Uso wangu bila nyusi wala kope ulimfanya anikazie macho kimya, na kwa hilo hakuna aliyekuwa ameniandaa.

Baada ya hapo, ijue kalenda ya mwili wako. Dawa zangu zilikuwa za kila wiki tatu (wanaopewa kila wiki wana mpangilio wao). Siku za mwanzo ni kichefuchefu na uchovu, pamoja na vidonge vya deksamethasoni vya kuzuia kutapika, ambavyo viliniacha bila usingizi usiku na ulimi mkali mchana. Kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 hivi, chembe nyeupe za damu hushuka kuliko wakati mwingine wowote, na kinga nayo hushuka. Wiki ya tatu nilikuwa mtu tena. Basi shughuli za shule, kununua viatu na mazungumzo mazito vyote tulivisogeza wiki ya tatu. Kalenda tuliipaka rangi tukaibandika ukutani. Binti yangu akaacha kuniuliza kila asubuhi hali yangu, maana alikuwa anajisomea mwenyewe.

Sasa kuhusu nguvu. Wengi watakupongeza kwa ushujaa, nami sikupenda pongezi hizo, kwa sababu shujaa haombi kusaidiwa kufua. Kilichonifaa ni kukaa na kutenganisha kazi anazoweza kufanya mtu yeyote na zile ambazo watoto walizitaka kutoka kwangu tu. Kupika, kuogesha, kupeleka shule, kusimamia kazi za nyumbani: zote nikazigawa. Nilibakiza wakati wa kulala. Kila jioni niliyokuwa nyumbani, hata kama sikuweza kuketi, walikuja kitandani kwangu, mmoja kila upande, tukaongea mpaka mmoja wetu asinzie. Mara nyingi nilikuwa mimi. Chagua jambo moja dogo linaloweza kufanyika ukiwa umelala, ulilinde kuliko yote. Na mtu akikuambia "ukihitaji chochote niambie", mpe kazi yenye saa: kesho saa kumi nichukulie mtoto shuleni.

Kugawa kazi kuna uchungu wake, nisikufiche. Siku moja mdogo alianguka uani, akanipita mimi niliyekuwa nimekaa mlangoni, akakimbilia kwa mama yake mdogo ndani. Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia kwa sindano. Nesi mmoja niliyemsimulia alinijibu kwa maneno machache tu, kwamba mtoto aliyechanganyikiwa hamkimbilii mtu yeyote. Jibu hilo lilinisaidia kwa sehemu. Sehemu nyingine ya wivu ilibaki, na nadhani ni haki yangu.

La binti mkubwa ndilo linalohitaji jicho. Dawa za kemo za kundi la paklitakseli zilinitia ganzi vidoleni, nikashindwa kufunga vifungo vya shati la mdogo wake. Akaanza kumfungia yeye. Kisha akaanza kumwogesha, kisha kumkemea kwa sauti yangu, kisha akaacha kwenda kucheza. Kila mtu alimsifu: mtoto amekomaa! Mimi naona sifa hizo ni mtego. Mtoto kusaidia ni jambo jema, lakini mtoto kuwa mama wa pili ni jambo jingine. Tulimwachia kazi mbili alizozichagua mwenyewe, nyingine zikarudi kwa wakubwa, na mwalimu akaombwa kutupa taarifa akimwona ananyamaza sana. Mtoto asiyekusumbua hata kidogo wakati unaumwa, huyo ndiye wa kumfuatilia.

Kuhusu usalama nitakwenda haraka, maana haya hospitali itakueleza. Kumkumbatia mtoto kunaruhusiwa. Mionzi inayopigwa kwa mashine kutoka nje haibaki mwilini, hivyo ukitoka chumbani unaweza kumpakata. Wanaopewa iodini yenye mionzi kwa saratani ya tezi ya shingo ndio hutakiwa kukaa mbali na watoto kwa siku kadhaa. Dawa za kemo hutoka kwa mkojo, matapishi na kinyesi kwa takriban saa 48 au zaidi kidogo, basi anayesafisha avae glavu, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, na kunyonyesha kusimame kipindi chote cha kemo. Ukiwa kwenye kemo na joto likafika nyuzi 38, piga simu hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, na usitangulize dawa ya kushusha homa. Panga mapema nani atabaki na watoto usiku huo. Mtoto akipata tetekuwanga au surua, au hata akikutana na mwenye nayo, wajulishe hospitali. Chanjo zake ziendelee, ila nesi aambiwe kuna mgonjwa wa kemo nyumbani, kwa sababu chanjo ya matone ya polio ina virusi hai vilivyodhoofishwa, navyo hutoka kwenye kinyesi cha mtoto. Ipo ya sindano isiyo na tatizo hilo.

Na lile swali langu la kubeba? Nilipofanyiwa upasuaji na kutolewa tezi za kwapani, nilikatazwa kunyanyua vizito kwa wiki kadhaa. Tukakubaliana na mdogo kwamba mimi nakaa kwanza, yeye ndiye anayepanda, upande usio na kidonda, mto katikati.

Kama bado ungependa kuzaa, uliza kuhusu kuhifadhi mayai kabla ya dozi ya kwanza, maana kemo huweza kuharibu uwezo wa ovari. Usisubiri daktari aanze yeye. Na uliyegunduliwa ukiwa mjamzito, usikubali kuambiwa na jirani kwamba lazima uchague kati yako na mtoto. Baadhi ya dawa za kemo hutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo, na matibabu mengine husubiri hadi ujifungue. Hilo ni la kujadiliwa na madaktari wa saratani na wa uzazi wakiwa pamoja.

Siku hizi binti yangu anauliza kama na yeye ataugua. Namwambia kwamba saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Zipo zinazotokana na hitilafu katika jeni za BRCA1 au BRCA2, na mzazi mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Kwa kawaida mtoto hapimwi hadi awe mtu mzima na kuamua mwenyewe.

Kisha matibabu yakaisha, na nyumba nzima ikamsubiri mama wa zamani. Uchovu unaweza kudumu kwa miezi, na baadhi yetu tunabaki na vidonge vya kuzuia homoni vya miaka mitano au zaidi. Waambie na hilo. Siku za vipimo vya ufuatiliaji huwa sivumiliki nyumbani, kwa hiyo nawatangazia mapema: Alhamisi nina kipimo, nikigomba wiki hii mjue ni wasiwasi. Mdogo huitikia sawa. Mkubwa hunijibu, "Mama, tulishajua tangu Jumatatu."