Hiyo dawa ya ganzi usijitilie nyumbani

Pole sana ndugu yangu. Nimekuelewa, juzi umetolewa chembe ya chuma jichoni, kliniki walikutia matone ya ganzi maumivu yakakatika palepale, sasa usiku jicho linachoma na umenunua kachupa ka tetrakaini, ndiyo hiyo dawa ya ganzi ya matone, unauliza utie mara ngapi kwa siku. Usitie hata mara moja!

Mimi nachomelea mageti, cheche za grinda zimeshaniingia mara mbili. Yale matone yanawasha kidogo halafu ndani ya kama nusu dakika husikii kitu, yanadumu dakika 15 au 20 hivi, daktari anamaliza kazi yake basi. Ukiendelea nayo nyumbani yanazuia kidonda cha kioo cha jicho kufunga, na jicho lenye ganzi halipepesi vizuri, linakauka, unalisugua hujui kama unajikwaruza, kidonda kinachimbika mpaka unaweza kupoteza kuona kabisa.

Maumivu meza panadol, vaa miwani ya jua, na antibayotiki ya matone tia kama ulivyoandikiwa. Siku nyingine ukitiwa ganzi usiguse jicho mpaka iishe, na usiendeshe pikipiki kurudi nyumbani, mwambie mtu akuchukue. Kama sindano ya ganzi ya jino iliwahi kukuvimbisha, mwambie daktari kabla hajakutia.

Ukiona ukungu, usaha, doa jeupe kwenye mboni au maumivu yanazidi, usingoje kesho, nenda kwa daktari wa macho na hako kachupa ukabebe akaone.