Maswali yenu kuhusu nyota ya Tabby

Nyota hii ina ajabu gani?
Orodha za wanafalaki zinaiita KIC 8462852, nayo iko umbali wa karibu miaka nuru 1,470. Jina la Tabby limetokana na Tabetha Boyajian, Mmarekani aliyeongoza ripoti ya mwaka 2015 kuhusu nyota hiyo. Darubini ya Kepler ilikuta mwanga wake ukishuka bila ratiba: Machi 2011 kwa asilimia 15 hivi, Februari 2013 kwa zaidi ya 20. Sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele yake haifikishi hata asilimia moja.

Infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho, ya nini wakati mwanga wa kawaida upo?
Mwanga wa kawaida unakwambia kuna kitu kimepita, basi. Vumbi lililo karibu na nyota hupata moto, na joto hilo hutoka kama infraredi. Ni kama pasi ya umeme: haing'ai, lakini kiganja kikiisogelea kinajua. Kwa hiyo kama sayari zingekuwa zimegongana huko, vifusi vyake vingeonekana kwa joto. Spitzer, darubini ya angani inayoona infraredi, iliitazama mwanzoni mwa 2015. Mwanafalaki Massimo Marengo na wenzake walipochambua vipimo hawakukuta joto la ziada la maana. Dhana ya mgongano ikapwaya, ya kundi la nyotamkia zilizovunjika ikapanda chati.

Kinachoziba mwanga si mitambo ya viumbe wa mbali?
Habari tamu hiyo, na magazeti yaliila vizuri. Lakini kitu kigumu huziba rangi zote sawasawa. Mwanafalaki Huan Meng na wenzake walilinganisha vipimo vya darubini ya Swift, inayoona urujuanimno (mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya rangi ya urujuani), na vya Spitzer. Ripoti yao ya 2017 ilionyesha kwamba nyota inapofifia polepole, hupungua zaidi kwenye urujuanimno kuliko kwenye infraredi. Hiyo ni tabia ya vumbi laini, si ya ukuta.

Basi fumbo limekwisha?
Nusu. Chembe ndogo hivyo husukumwa mbali na mwanga wa nyota yenyewe, kwa hiyo lazima kuna kinachozalisha nyingine. Kipi? Bado wanabishana.

Naweza kuiona nikiwa Dodoma?
Kwa macho, hapana. Septemba, saa tatu usiku, tazama kaskazini uitafute nyota angavu ya Deneb. Nyota yetu iko jirani, kwenye kundinyota la Dajaja, ila inataka darubini ya sentimita 15 hivi. Infraredi yake usihangaike nayo: mvuke wa hewani humeza sehemu kubwa, ndiyo maana Spitzer ilirushwa nje ya dunia.