Mkalimani Asipewe Karatasi Asubuhi ya Mtihani

Katika kazi yangu ya kuwakalimania wanafunzi viziwi kwa lugha ya alama shuleni, hakuna kinachonikera kama kukabidhiwa karatasi ya maswali kengele ikiwa imeshalia, eti mikono itajua la kufanya. Haijui. Lugha ya alama ina sarufi yake, na swali lililotungwa kwa maandishi halihamii humo hivi hivi.

Chukua swali la hesabu: pembetatu ina pande ngapi? Katika lugha nyingi za alama, pembetatu huonyeshwa kwa kuichora hewani kwa vidole: upande, upande, upande. Nimeuliza, na papo hapo nimejibu. Dawa ni kulitahajia neno kwa vidole, herufi moja moja, au bora zaidi swali libadilishwe. Uamuzi huo haufanywi watahiniwa wakiwa wamekukodolea macho. Siku kadhaa kabla, mwalimu wa somo anayejua swali linapima nini akae na mtu anayeimudu lugha ya alama, na mimi ningependa huyo awe kiziwi mwenyewe.

Maswali ya kukanusha nayo yana vituko vyake. "Yupi kati ya hawa si mamalia?" Kwenye karatasi, "si" ni silabi moja tu, kwenye alama, mara nyingi ukanushi hubebwa na kichwa kinachotikiswa pamoja na uso. Mkalimani anayekaza uso ili asionekane anasaidia watu anameza nusu ya swali. Wapo wasimamizi wanaoona nyusi zinapanda wakadhani tunavujisha majibu! Waelezwe mapema.

Mkiweza, rekodini maswali kwa video, kila swali na kipande chake, mwanafunzi arudie bila kumwomba mtu. Nyuma pawe peupe, nguo isiwe na maua. Muda uongezwe pia, maana macho yanayotazama mikono ndiyo hayo hayo yanayosoma karatasi.

Ufahamu wa kusoma ni habari nyingine. Kifungu kikishafasiriwa kwa alama, hupimi tena kusoma. Fasiri maelekezo tu, kifungu kibaki karatasini. Imla kwa kiziwi sijawahi kuiona maana. Iondolewe, maksi zake zihamishiwe kwingine.

Na majibu? Kwenye sayansi au historia, mwache ajieleze kwa alama mbele ya kamera, mradi msahihishaji awe anaielewa lugha hiyo mwenyewe.