Hogo, gitaa na kijana wa Chang'ombe

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: "Ukiumia ukashindwa kupiga chombo chako, utafanya nini usiache muziki?" Nimelisoma asubuhi nikisubiri daladala pale Sabasaba, nikalirudia mchana kazini, na sasa ni usiku nakaa kulijibu, maana limenigusa pabaya. Jibu langu ni fupi: usifanye kitu. Gitaa liweke juu ya kabati, lifunike kanga, tulia nyumbani mpaka mkono upone. Na mazoezini usikanyage. Wanaowashauri majeruhi waende wakakae tu na wenzao, wasikilize, hawajawahi kukaa pale wakasikiliza. Mimi nimekaa.

Napiga gitaa la solo katika kwaya moja ya vijana hapa Dodoma mjini, ingawa huo ujana wangu umebaki jina; mwakani natimiza miaka 42. Mwaka juzi, mwezi wa kwanza, nilianguka na bodaboda kwenye ile kona ya kuingilia Nkuhungu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ikasomba mchanga mpaka juu ya lami. Wenyeji mnaijua. Wala hatukuwa na mwendo. Pikipiki iliteleza tu, nami nikatanguliza kiganja cha kushoto, kama afanyavyo kila anayeanguka.

Nilikopelekwa walinipiga picha, wakaitazama, wakasema hakuna mfupa uliovunjika, umeteguka tu. Bandeji, vidonge vya maumivu, kwaheri. Na mimi kwa uchu wa gitaa nikapiga Jumapili mbili na mkono huohuo. Kila nikibana kodi ya F, yaani nyuzi kadhaa kwa pamoja, naona nyota mchana. Wiki ya tatu nikaenda kwa daktari mwingine. Huyu hakuanza na picha. Aliniambia ninyooshe kidole gumba, akabonyeza kile kishimo kinachojitokeza chini yake, nikaruka kitini. Picha mpya ikaonyesha ufa. Kumbe pale kuna kifupa kidogo, umbo lake kama korosho, na ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku za mwanzo. Ndiyo maana mwenye maumivu hapo hutakiwa kurudi apigwe picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Kule kwa kwanza hakuna aliyeniambia nirudi. Halafu daktari akanieleza kwa nini kinachelewa kuunga: damu inaingia kwenye kifupa hicho kutokea upande wa vidole, sasa kikipasuka katikati, kile kipande cha huku nyuma kinabaki na njaa. Akanifunga hogo la plasta kuanzia karibu na kiwiko, likameza gumba lote, vidole vinne vikabaki nje vikichungulia. Wiki 10.

Ukiwa na hogo kila mtu ni mshauri wako. Watu wasiopungua watano walinisimulia habari za Django Reinhardt, yule mpiga gitaa wa jazz wa Ufaransa, aliyeungua mwaka 1928 gari lake la kuishi liliposhika moto, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaharibika, akarudi kupiga solo kwa viwili vilivyobaki. Wote waliisimulia kama vile aliungua Jumatatu akapiga Ijumaa. Hakuna aliyetaja kwamba kupona kulimchukua zaidi ya mwaka. Baba yangu, ambaye ni mpenzi wa bendi ya Morogoro Jazz mpaka kesho, alinituliza kwa kusema kwamba Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa aliyevuma na bendi hiyo, alipopata ajali ya gari iliyomuua kule Mombasa Januari 1979, hakupata hata nafasi ya kufungwa hogo. Ndivyo baba anavyofariji. Shemeji yangu wa Chamwino ndiye aliyekuja na wazo la maana: niachane na gitaa kwa muda, nishike marimba, kwani huku Ugogo si ndiko alikotoka yule mwanamuziki Hukwe Zawose, na marimba si hupigwa kwa vidole gumba viwili tu? Nikamwinulia hogo. Akalitazama. "Basi zeze," akasema. Zeze nalo, uzi unabanwa kwa mkono wa kushoto.

Nilijaribu kuutunza mkono wa kulia. Nalaza gitaa mapajani, napiga nyuzi zikiwa wazi, natafuta mipigo. Siku ya tatu mke wangu akatoka jikoni. "Baba watoto, hilo gitaa tangu asubuhi halijakaa sawa tu?" Ndipo nikaliweka juu ya kabati. Na kwa kweli wiki zile za mwanzo nilikuwa na amani. Nililala saa tatu. Muziki nilikuwa siutaki hata kwenye redio ya jirani.

Sasa nije kwenye ile Alhamisi.

Ilikuwa wiki ya nne ya hogo, na Pasaka imekaribia. Mwalimu wetu wa kwaya ni dada mmoja anayefundisha hesabu sekondari, na anaiongoza kwaya kama hesabu. Akapiga simu. "Kaka, njoo umwelekeze kijana. Ile solo ya kati haiwezi." Kijana mwenyewe ni wa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, miaka 19, amejifunza gitaa kwa kutazama simu. Nilikuwa sijamwona. Nikaenda.

Nilipoingia, nikamkuta amekalia kiti changu. Ni kiti cha plastiki kilichopasuka mgongo, nilikishona mwenyewe kwa waya, kinakaa pembeni ya spika ya kushoto, na kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kukikalia. Gitaa ni la kanisa, siwezi kusema ni langu. Ila alikuwa amelegeza mkanda mpaka gitaa likamfika kwenye mapaja, vile wanavyovaa vijana wa siku hizi. Nilipouona ule mkanda nilitaka kugeuza nirudi nyumbani.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Hujambo."

"Sijambo, anko. Eti pale katikati inaendaje?"

Ni kipande kifupi. Baada ya ubeti wa pili waimbaji wananyamaza, gitaa linapita peke yake, halafu wanaingia kwenye chemko, kile kipande cha kuchangamka. Nimekipiga kipande kile harusini, misibani, kwenye matamasha, nikiwa na homa, nikiwa nimegombana na mke, hata siku moja umeme ulipokatika katikati nikakimalizia bila spika. Nikafungua mdomo nimwimbie.

Hakikuwepo.

Nilianza, te-re-re, te-re, nikafika kona ya kwanza, nikapotea. Nikaanza tena. Wakati huo vidole vyangu vinne vya kushoto vinacheza vyenyewe kwenye ukingo wa benchi, vinakwenda bila wasiwasi, vinapanda, vinashuka, vinajua kila kitu. Lakini benchi ni ubao, halitoi sauti, na kichwani hakuna kitu. Nikamwambia nipe gitaa. Nikaliweka mapajani, nikapitisha hogo chini ya shingo ya gitaa. Gumba haliwezi kushika kwa nyuma, kwa hiyo vidole vinagusa nyuzi tu, havibani. Tukakaa hivyo, mimi nagusa, yeye anafuata nilipogusa na kubana: uzi wa pili, sasa wa kwanza, rudi wa pili, hapana, juu yake. Tukatoa sauti nne, labda tano, kama mtoto anayejifunza kusoma kwa kuunganisha silabi. Waimbaji wa sauti ya tatu wakaanza kucheka. Wale jamaa hucheka kwa mpangilio, mmoja anaanza wengine wanaitikia.

Mwalimu alikuwa amesimama na karatasi zake za nota. Hapigi gitaa, hajui hata nyuzi zinaitwaje. Akafumba macho akaimba solo yangu yote kwa majina ya sauti, so la so mi, fa mi re, mwanzo hadi karibu na mwisho, bila kukwama. Alikuwa ameisikia kwa miaka tisa akiwa upande ule mwingine wa spika.

"Hivi kaka, kumbe ulikuwa hujui unachopiga?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma zaidi.

Alipofika mwisho akasema inatua kwenye sauti ya la. Nikakataa. Sikuwa na uhakika, ila ilibidi nikatae kitu. Nikasema inapanda ti, halafu inarudi do. Akanitazama, akatazama hogo, nadhani alinihurumia. "Solo ni yako," akasema. Kijana akapiga nilivyosema. Mara ya kwanza ikakwaruza, mara ya pili ikakaa. Usiku nikiwa kitandani, nikigonga hogo kwenye ubao wa kitanda, kipande chote kikanijia, na nikajua kwamba ni la. Ilikuwa la siku zote. Sikumpigia simu.

Nimekaa sana kwenye hiyo Alhamisi, mhariri, nawe utakata utakapoona panafaa. Lakini ndiyo sababu ya kusema kaeni nyumbani. Hakuna mpiga gitaa anayestahili kugundua hadharani kwamba muziki aliodhani ni wake uliishia vidoleni.

Ila sikukaa nyumbani. Hapo ndipo maelezo yangu yanapoanza kunisuta. Jumamosi yake nilimwomba mwalimu karatasi za nota, ambazo kwa miaka yote hiyo nilizidharau. Sisi wa magitaa tulikuwa tunasema nota ni za watu wasio na masikio. Nikawa nazisoma kwenye daladala kwa kunong'ona: koloni ni mpaka wa pigo hadi pigo, kistari ni sauti inayovutwa isikatike. Abiria wenzangu walidhani nasali. Wiki ya tano sugu za vidoleni zikaanza kubanduka, ngumu na za njano kama ganda la kitunguu, chini yake ngozi laini kama ya mtoto. Miaka yote ile ya kubana nyuzi za chuma ikadondokea mezani karibu na kikombe cha chai. Nikazifagia kwa mkono. Wiki hiyohiyo nikasimama na sauti ya tatu, wale wachekaji, nikaimba nao.

Na huko nikasikia jambo. Kwenye ubeti wa kwanza, mwisho wa mstari wa tatu, sauti ya tatu wana kamstari kadogo kanakopanda peke yake wakati wengine wote wametulia. Kazuri sana. Nilikuwa sijawahi kukasikia kwa sababu mahali hapo mimi nilikuwa nachombeza kwa gitaa, kwa sauti kubwa, kila Jumapili, miaka tisa. Nikamuuliza jirani yangu kama walikuwa wanakaimba siku zote. "Tunakaimba sana," akasema. "Nyie mnaotuziba ndio hamsikii."

Kwa hiyo naona nimejipinga. Nilianza na kaa nyumbani, na sasa nasema nenda, ingawa si kila mtu na si wiki zile za mwanzo, wakati maumivu bado yanakuamsha usiku. Ukienda usikae mahali unapoviona vidole vya aliyekushikia nafasi. Kaa nyuma, kwa waimbaji. Usimfundishe mtu kitu ambacho wewe mwenyewe huwezi kukiimba. Na kama ulianguka na kiganja, na kishimo cha chini ya gumba kinauma ukibonyeza, rudi kwa daktari hata kama picha ya kwanza ilisema huna kitu. Hilo halihusu muziki, lakini nisingelala bila kuliandika.

Hogo lilikatwa, mkono ukatoka mwembamba, una magamba na harufu ya soksi. Gumba liligoma miezi. Kodi ya F ilirudi baada ya mavuno ya zabibu. Kijana amebaki na solo, mimi napiga ridhim, gitaa la kusindikiza, pembeni yake, kwa sasa, na kwenye ubeti wa kwanza nanyamaza pale mwisho wa mstari wa tatu. Kiti nilirudishiwa bila kuomba.

Mwisho wa solo bado ni ule wangu wa uongo, ti halafu do. Jumapili iliyopita kijana alikuwa amesafiri, nikaipiga mimi, nikaona ndiyo nafasi ya kuirudisha ilivyokuwa. Nikatua kwenye la, safi kabisa. Kwaya nzima ikageuka kunitazama, chemko likachelewa kuingia, na mwalimu akatingisha kichwa taratibu, vile anavyowafanyia wanafunzi waliokosea jumla.