Re: Sofa na kabati vya zamani nivipeleke wapi hapa Uingereza?

Dada, kuhusu hiyo sofa na kabati unavyotaka kutoa kabla hujahama, kabati halina shida ila sofa inua mito kwanza uangalie kama ile lebo ya usalama wa moto bado imeshonewa, maana kuna sheria ya 1988 ya kuzuia samani kushika moto kirahisi, na maduka ya hisani bila lebo hawachukui hata kama sofa ni nzuri kama mpya. Ikiwepo wacheki British Heart Foundation, shirika la hisani, wanakuja na gari kuchukua bure, ila weka nafasi mapema jamani. Lebo ikiwa imeshakatwa omba halmashauri waje wachukue kwa malipo, usiitupe tu nje usiku, faini yake kubwa. Na kitanda kama kipo toa pia, kuna familia zinahamia nyumba tupu kabisa!